Lenzi ya Zamani Yenye Ubovu: Itengenezwe au Iachwe?

Ubovu unaotisha macho mara nyingi sio unaoharibu picha. Lenzi yenye mkwaruzo mrefu kwenye kioo cha mbele inaweza kupiga picha safi kwa miaka mingi, na nyingine inayong'aa kwa nje ikawa na kioo cha ndani kilichokwisha kuliwa na kuvu, kiasi kwamba hakuna dawa itakayokirudisha. Ndiyo maana namsisitizia yeyote anayeshika lenzi ya zamani yenye kasoro: usianze na bisibisi. Anza na tochi, fuata kamera, kisha piga hesabu. Nyingi ya lenzi zinazokufa mikononi mwa watengenezaji zilifunguliwa kabla mwenyewe hajajua anatafuta nini ndani yake.

Tochi ndogo ya LED inatosha. Fungua tundu la mwanga, yaani shimo la ndani linalopanuliwa na kubanwa kwa vibati vyembamba, mpaka mwisho, itazame lenzi kwa nyuma, na umulike kutoka mbele kwa pembeni, si moja kwa moja machoni. Badilisha pembe ya tochi polepole, kisha geuza lenzi utazame kwa mbele. Ukiona doa, usiliache bila kujua liko kwenye kioo kipi. Njia rahisi ni kufunga tundu nusu ukiwa unatazama kwa mbele: doa likifichwa na vibati vya tundu, liko nyuma ya tundu, lisipofichwa, liko mbele yake. Taarifa hiyo moja itakuambia baadaye lenzi ifunguliwe upande gani, na kama kuna haja ya kuifungua kabisa.

Tochi ina ila yake. Mbele yake kila lenzi huonekana mbaya, hata iliyotoka kiwandani jana. Vumbi la ndani lipuuze, hata likiwa jingi. Mapovu madogo ndani ya kioo chenyewe ni ya kawaida katika lenzi za zamani, yalitoka nayo kiwandani na hayana madhara. Madoa meupe kwenye ukingo wa vioo, yanayoonekana sana katika lenzi za Schneider, ni rangi nyeusi ya ukingoni iliyobanduka, na mara nyingi hayafiki kwenye picha. Mambo ya kutafuta ni manne tu: nyuzinyuzi nyembamba zenye matawi zinazoanzia ukingoni kuelekea katikati, ambazo ni kuvu, utando wa kijivu uliotanda sawasawa juu ya kioo, rangi za upinde wa mvua au mpaka uliochanika kati ya vioo viwili, yaani gundi iliyoachia, na mikwaruzo au mibanjuko ya kioo chenyewe, hasa kwa nyuma.

Kwa nini nyuma? Kwa sababu kioo cha nyuma kiko karibu na sensa, na mwanga unaokipita umeshabanwa kuwa mwembamba. Kwa kioo cha mbele hesabu ni ya kutia moyo. Chukua lenzi ya milimita 58 yenye f/2, yaani tundu lake pana kabisa ni nusu ya hizo milimita 58, kama Helios 44-2. Tundu likiwa wazi, mwanga unaingia kwenye duara la kipenyo cha milimita 29, eneo la kama milimita mraba 660. Mkwaruzo wa urefu wa milimita 10 na upana wa milimita 0.1 una eneo la milimita mraba 1. Hiyo ni asilimia 0.15 ya mwanga wote, na hakuna jicho litakalouona. Lakini funga tundu mpaka f/16. Duara linabaki na kipenyo cha milimita 3.6 tu, na mkwaruzo uleule ukipita katikati yake unachukua karibu asilimia 3.5. Anayepiga picha za watu kwa f/2 na anayepiga mandhari kwa f/16 wanaweza kuitazama lenzi moja, wakafikia maamuzi mawili tofauti, na wote wakawa sahihi.

Sasa kamera. Kamera ya kidijitali isiyo na kioo cha kuakisi, yenye adapta (pete ya kuunganishia lenzi ya zamani na kamera) na skrini inayokuza, ndiyo mizani bora. Weka juu ya tripodi. Piga kwanza mandhari ya mbali yenye vitu vidogo vingi, kama majani au matofali, tundu likiwa wazi kabisa, kisha rudia kwa f/8. Linganisha pembe nne za picha. Zote zikilegea kwa kiasi kimoja, hiyo ni tabia ya lenzi za zamani. Pembe moja ikilegea peke yake, kuna kioo kilichokaa upande, ama kwa sababu lenzi ilianguka, ama kwa sababu mtu mwingine aliifungua akakirudisha vibaya.

Picha ya pili ipige dhidi ya mwanga, chanzo kikiwa nje kidogo ya fremu, halafu rudia ukiikinga lenzi na mwanga huo kwa mkono. Kama mkono wako unarudisha weusi wa kweli kwenye vivuli, tatizo lililobaki linatibiwa na kofia ya lenzi ya kukinga mwanga wa pembeni. Ya tatu ipige ukuta mweupe kwa f/16 kutafuta madoa ya kioo cha nyuma. Ya mwisho ndiyo ninayoiamini kuliko zote: taa moja ndogo ya LED gizani, umbali wa mita kadhaa, ikiwa katikati ya fremu. Legeza fokasi kidogo mpaka taa iwe duara. Duara hilo linachora kila kitu kilichomo njiani, nyuzi za kuvu, mkwaruzo, ukingo wa gundi iliyoachia. Na likivutika upande mmoja badala ya kuwa duara kamili, vioo havikukaa kwenye mstari mmoja.

Lenzi ikipita majaribio haya, itumie hivyo hivyo. Usafi wa kuoneshana kwenye tochi hauna thamani ya kuhatarisha kitu kinachofanya kazi.

Isipopita, ugawe ubovu wake mafungu mawili. Kila kilicho cha chuma, grisi na mafuta kinarudishika: pete ya fokasi iliyokakamaa, mafuta kwenye vibati vya tundu, ukingo wa kichujio uliobonyea, skrubu iliyolegea. Kilicho cha kioo kwa kawaida hakirudishiki. Kuvu ikikaa muda mrefu hutoa tindikali inayokula mpako, yaani tabaka jembamba linalopunguza mwanga unaoakisiwa na kioo, kisha kioo chenyewe. Ukiifuta, kuvu itaondoka na alama yake itabaki.

Hapa huwa kuna kishawishi cha kusugua kioo kwa dawa ya meno au unga wa kung'arishia. Nasema bila kusita: usifanye. Uso wa kioo cha lenzi umekatwa kwa usahihi wa sehemu ndogo ya urefu wa wimbi la mwanga, na mwanga wa kijani una wimbi la kama mikroni 0.55. Hakuna mkono unaoweza kusugua kwa usawa huo. Utaondoa alama pamoja na mpako, na ukali wa picha utaondoka nao. Alama yenyewe ina gharama ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kioo kisicho na mpako huakisi karibu asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso. Chenye mpako wa tabaka moja huakisi kama asilimia 1.5. Kipande kidogo kilichopoteza mpako ni tofauti ya pointi mbili na nusu za asilimia, tena kwa kipande hicho tu. Mkwaruzo wenye kina au kingo iliyobanjuka, inayonasa mwanga na kuusambaza, ijaze rangi nyeusi isiyong'aa kwa ncha ya kijiti kilichochongwa. Weusi unakula mwanga kidogo, lakini mwanga hausambai tena.

Utando ndio mgumu kuutabiri. Mara nyingi ni mvuke wa grisi ya zamani uliotua kwenye vioo vilivyo karibu na tundu, na huo hufutika kwa mpito mmoja wa alkoholi. Mara nyingine ni kioo chenyewe kilichochakaa, na hapo hufanyi kitu. Canon 50mm f/1.8 inayofungwa kwenye kamera kwa skrubu ya milimita 39 inajulikana kwa hili: uso wa kioo kilicho nyuma tu ya tundu hulika kabisa. Huwezi kujua ni utando wa aina ipi mpaka ufungue na kufuta, kwa hiyo lenzi yenye utando inunuliwe kwa bei ya vipuri vyake, si kwa bei ya matumaini.

Hapo ndipo penye hesabu. Jumlisha bei ya lenzi mbovu, vifaa na saa zako, kisha linganisha na bei ya lenzi ileile iliyo safi. Kwa lenzi zilizotengenezwa kwa wingi, kama Helios 44-2, nakala safi karibu kila mara ni nafuu zaidi. Hata hivyo, hizo hizo ndizo za kujifunzia, kwa sababu zina skrubu chache, tundu lake halina mitambo ya kujifunga yenyewe, na ukiharibu hujapoteza kitu adimu. Lenzi adimu, au iliyoachwa na mzee wa familia, ina hesabu nyingine, na hiyo haina haja ya kutetewa kwa mtu. Kanuni ninayoishika ni hii: kasoro moja ya kioo pamoja na kasoro za chuma, endelea, kasoro mbili za kioo kwenye vioo viwili tofauti, acha, isipokuwa una nakala ya pili ya kuchinja, yaani ya kutolewa vipuri. Ukichinja, hakikisha zote mbili ni za toleo moja, na hamisha kundi zima la vioo likiwa ndani ya kikombe chake, yaani kishikio cha chuma kinachovibeba. Viwanda viliweka pete nyembamba za kurekebisha nafasi kati ya vioo kwa kila lenzi moja moja, na kioo kilichohamishwa peke yake kinakosa nafasi yake.

Ukiamua kufungua, tayarisha vifaa kwanza. Spana ya lenzi yenye ncha mbili. Vizibo vya mpira vya vipenyo mbalimbali vya kuzungushia pete ya jina ya mbele. Bisibisi za kipimo cha Kijapani, JIS, kwa lenzi za Japani, kwa sababu zile za kawaida zenye msalaba hazikai sawasawa na hula vichwa vya skrubu. Nafta safi ya kujazia viberiti. Alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Karatasi za lenzi. Pampu ya mpira ya kupulizia. Grisi ya lenzi. Trei ya mayai ni nzuri kwa kuhifadhi vipande kwa mpangilio wa kutoka. Piga picha kwa simu kila hatua kabla ya kugusa skrubu inayofuata.

Skrubu au pete inayokataa kuzunguka isilazimishwe. Weka tone moja la asetoni kwenye hesi, yaani mistari ya kuzungushia, kwa ncha ya sindano, subiri dakika kumi, jaribu tena. Asetoni hulainisha rangi iliyowekwa kiwandani kufungia, lakini pia huyeyusha plastiki na rangi ya maandishi, basi tone liwe tone kweli. Ukingo wa mbele uliobonyea ndio unaowakwamisha watu wengi, kwa sababu pete ya jina haitapita. Unyooshe kwanza kwa kifaa cha kubania ukingo wa kichujio, robo mzunguko kwa wakati, ukiwa umefunika kioo. Spana ichukue muda mrefu kuipanga kuliko kuizungusha. Ikiteleza, mkwaruzo itakaouacha utakuwa mbaya kuliko ule uliokuja na lenzi.

Kabla ya kutoa kioo chochote, weka alama ya penseli kwenye ukingo wake kuonesha upande wa mbele. Vioo vilivyobinuka pande zote mbili ni vigumu kuvitofautisha, na kikirudi kinyume lenzi haitapata ukali kamwe. Kioo kikikwama kwa kukaa upande ndani ya kikombe, usikisukume. Kiinamishe kikombe na gonga ukingo wake taratibu kwa mpini wa bisibisi mpaka kioo kijiweke sawa.

Kwa kuvu, mchanganyiko unaoaminika ni haidrojeni peroksidi ya asilimia 3 na amonia ya nyumbani kwa vipimo sawa. Uchanganye kidogo tu wakati wa kuutumia, usiufungie kwenye chupa kwani hutoa gesi, na ufanyie kazi penye hewa. Karatasi iliyoloweshwa ikae juu ya kioo dakika chache, futa kutoka katikati kwenda nje, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, malizia kwa alkoholi. Usiviloweshe vioo vilivyounganishwa kwa gundi, wala usiruhusu dawa ifike kwenye rangi nyeusi ya ukingoni. Lenzi za miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 zinataka mkono mwepesi zaidi. Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alivumbua mpako wa kupunguza kuakisi mwaka 1935, lakini mipako mingi ya awali ilibaki laini. Summitar na Summicron za mwanzo za Leitz zina sifa ya vioo vya mbele vilivyojaa mikwaruzo midogo kwa sababu tu ya watu waliozisafisha kwa bidii.

Mafuta kwenye vibati vya tundu hutoka kwenye grisi ya fokasi iliyozeeka na kutengana. Kama lenzi ni ya kamera yenye kioo cha kuakisi na tundu linalojifunga lenyewe, vibati vizito vitachelewa na picha zitatoka na mwanga kupita kiasi. Ukiitumia kwa adapta na kulifunga tundu kwa mkono, kuchelewa hakuna maana, ila mvuke wa mafuta yale utazidi kutua kwenye vioo. Usivitoe vibati kimoja kimoja kama hujalazimika, maana kuvipanga upya kunamaliza subira. Toa vioo, mimina nafta kwenye kikombe cha tundu, fungua na funga mara nyingi, nyonya kwa karatasi, rudia mpaka karatasi itoke safi na vibati vikauke bila alama. Usiweke mafuta yoyote baadaye. Vibati hufanya kazi vikiwa vikavu.

Pete ya fokasi iliyokakamaa ndiyo kazi yenye malipo ya hakika kuliko zote. Lenzi nyingi za Carl Zeiss Jena, ambazo zimekuwa nzito mpaka hazizunguki, ni nzima kabisa kwenye vioo. Hesi za fokasi zina mianzo kadhaa, yaani mahali zinapoweza kuanza kushikana, na ni mmoja tu ulio sahihi. Zizungushe kuelekea kuachana polepole sana, na zikiachana tu, chora alama kwenye sehemu zote mbili pale zilipoachania. Safisha kwa nafta na mswaki mpaka shaba na alumini zing'ae, kisha paka grisi kidogo, kiasi cha punje ya mchele ikisambazwa kwenye mzunguko mzima. Grisi nyingi ndiyo itakayokuwa mafuta kwenye vibati miaka ijayo. Mafuta ya kupulizia ya kulegeza kutu yasikaribie lenzi kabisa. Hulegeza kwa siku chache, halafu husambaa hadi kila mahali.

Umanjano wa kioo ni suala jingine. Super-Takumar 50mm f/1.4 ya vioo saba na Canon FD 35mm f/2 ya mwanzo zina kioo chenye thoriamu, ambayo kwa mionzi yake hukigeuza kioo rangi ya chai. Hii haihitaji kufunguliwa. Weka lenzi chini ya taa ya urujuanimno (UV), na karatasi ya alumini upande wa pili ili kurudisha mwanga, kwa siku kadhaa hadi wiki chache. Jua nalo hufanya kazi, lakini lenzi iliyoachwa juani inaweza kuwasha moto, hivyo isiachwe bila mtu. Kioo hiki kisisagwe wala kukwanguliwa, kwa sababu hatari yake kubwa iko katika kuvuta vumbi lake.

Gundi iliyoachia ndipo mimi huweka mpaka. Lenzi za zamani ziliunganishwa kwa balsamu ya Kanada, utomvu wa mti, ambao hulainika kwa joto na kuyeyuka kwa asetoni ukilowekwa siku nyingi. Zilizofuata zina gundi za kisasa ambazo hazikubali hayo, na joto la juu hupasua kioo kwa kuwa vioo viwili vilivyoungana ni vya aina tofauti na hutanuka kwa viwango tofauti. Hata balsamu ikiachia salama, kazi ya kuviunganisha upya kwa gundi inayokaushwa na urujuanimno inataka vioo vikae kwenye mhimili mmoja kwa usahihi mkubwa, la sivyo utarudi kwenye lile duara lililovutika upande. Kama kuachia ni kwa ukingoni tu na jaribio la taa halikuonesha tatizo, iache. Ikifika katikati, kwenye lenzi ya kawaida, hiyo ni lenzi ya kuchinja.

Baada ya kufunga, rekebisha fokasi ya mbali. Katika Helios 44-2, legeza skrubu tatu ndogo za pete ya fokasi, elekeza lenzi kwenye kitu kilicho mbali sana, tafuta ukali kwa skrini iliyokuzwa, kisha geuza pete peke yake mpaka alama ya mbali ikutane na mstari, na kaza. Adapta nyingi ni fupi kidogo kuliko kipimo halisi, hivyo ni vema kurekebisha ukiwa na adapta utakayoitumia. Rudia majaribio yote manne na linganisha na picha za kabla ya kufungua.

Hifadhi lenzi kwenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50, nje ya mkoba wa ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu. Baada ya miezi mitatu imulike tena kwa tochi. Kuvu ikirudi mahali palepale, haikuuawa yote, na kioo kilekile kisafishwe upya. Utando ukirudi karibu na tundu, mafuta bado yamo kwenye hesi au nyuma ya vibati, na kufuta kioo peke yake hakutasaidia mpaka chanzo hicho kitolewe.